Sindano Ningenunua na Pesa ya Kodi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kitu cha kwanza nilifanya si kutafuta kazi. Niliingia jimu ya mtaa, ile ya mabati, vyuma vingine ni mikebe imejazwa saruji. Sikuwa natafuta afya, wacha niseme ukweli. Mzee alikuwa ameacha kushika simu zangu na nilijiona nimepungua kama mwanaume. Wasee walikuwa wanasema ukipiga skwoti nzito testosteroni inapanda, unakuwa simba. Nikaamini.

Miezi minne baadaye mwili ulikuwa karibu vile vile. Jamaa mmoja akanivuta kando: "Buda, yako iko chini. Kuna sindano." Bei aliyotaja ilikuwa kodi yangu ya mwezi mzima. Na hiyo kodi ilikuwa kwa M-Pesa.

Usiku huo nilisoma hadi saa nane.

Ni kweli, ukibeba vyuma vizito homoni inapanda. Lakini ni kidogo, na ndani ya saa moja hivi imerudi pale ilikuwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichukua vijana 12. Mkono mmoja ulifanya mazoezi peke yake. Mwingine ulifanya siku tofauti, na mazoezi mengi ya miguu yakaongezwa ili homoni ipande. Wiki 15 baadaye, mikono yote miwili ilikuwa imekua sawa. Misuli inakuja kwa kazi, chakula na muda.

Sindano nayo inajenga misuli, sidanganyi. Shida ni kwamba ubongo ukiona testosteroni imejaa kutoka nje, unaacha kuziamuru korodani zitengeneze. Zinanywea. Mbegu zinapungua, zinaweza hata kuisha kabisa, na ukiacha, kurudi kunaweza kuchukua miezi mingi. Yaani unanunua uanaume na unaweka rehani watoto wako.

Kilichoniuma zaidi ni usingizi. Mwaka 2011 huko Chicago, vijana 10 walilazwa saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka asilimia 10 hadi 15. Na mimi hapo nilikuwa nakata video hadi alfajiri, halafu nalaumu damu yangu.

Nililipa kodi. Bado nabeba vyuma, nalala mapema, nakula mayai na ndengu. Kama wewe kweli huna nguvu na hamu imepotea, nenda hospitali upimwe damu asubuhi. Usipimwe na jamaa wa jimu kwa macho.

Shida yangu haikuwa kwa damu. Wiki iliyopita nilimpigia mzee, akashika. Tuliongea dakika nne, mambo ya mvua na ng'ombe tu. Chuo hakuuliza.

Sasa wewe niambie ukweli: unabeba vyuma kwa sababu ya nani?