Stempu Haisemi Mwenge Ulizimwa Paris

Wanachuo wenzangu, mtu akisikia nakusanya stempu hucheka kwanza. Nani anaandika barua siku hizi? Sawa, chekeni. Lakini stempu za mbio za Mwenge wa Olimpiki zimenifundisha kitu: serikali ikipewa kikaratasi cha kubandika kwenye bahasha, hukitumia kuonyesha inavyotaka kukumbukwa.

Anzia Ujerumani, 1936. Wengi tunadhani kupokezana mwenge ni mila ya Olimpiki za kale. Wapi! Mbio za kutoka Olympia hadi mji mwenyeji zilibuniwa na Carl Diem kwa ajili ya michezo ya Berlin, enzi za Hitler. Wakimbiaji zaidi ya 3,000 walipokezana moto hadi Berlin. Posta ya Ujerumani ikatoa stempu za michezo hiyo, na mojawapo ina mkimbiaji aliyeshika mwenge. Picha safi kabisa. Humwoni Myahudi aliyenyang'anywa uraia kwa sheria za 1935, mwaka mmoja tu nyuma.

Njoo 2008. China nayo ilitoa stempu za mbio za mwenge wa Beijing. Mwenge huo ulipita kwetu: tarehe 13 Aprili ulikimbizwa Dar es Salaam, mji pekee wa Afrika katika safari ile, kuanzia stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa mpya. Reli ile na uwanja ule vyote vilijengwa kwa msaada wa China, kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa inaongea.

Ila siku chache kabla, London kulikuwa na vurugu za waandamanaji waliolalamikia Tibet. Paris ikawa balaa zaidi: moto ulizimwa mara kadhaa na mwenge ukapandishwa basi. Naye Wangari Maathai, aliyekuwa ameteuliwa kuukimbiza hapa Dar, alijitoa kwa sababu ya haki za binadamu. Mwaka uliofuata, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliachana na mbio za kuzunguka dunia. Tafuta hayo kwenye stempu. Huyapati.

Sisemi stempu zinadanganya. Mwenge ulikimbizwa kweli, na watu wa Dar walijipanga barabarani kuushangilia. Shida ni kwamba sherehe ina posta, ina mchoraji na ina kiwanda cha kuchapa. Anayekataa ana sauti yake tu, na sauti isipoandikwa mahali hupotea.

Nasi tunao mwenge wetu. Uliwashwa kileleni Kilimanjaro 1961, ukaingia kwenye stempu za uhuru wa Tanganyika, na hadi leo unazunguka nchi. Wapo wanaoupenda, wapo wanaouliza gharama zake. Naupenda, na bado nataka swali lile la gharama lihifadhiwe pamoja nao.

Ndiyo maana kwenye albamu yangu kila stempu ya mwenge ina jirani: kipande cha gazeti cha mwaka uleule. Ya Beijing imekaa na habari ya Maathai. Umoja wetu ukitoa kalenda ya mwaka yenye picha za tabasamu tupu, basi na tufanye vivyo hivyo: tutunze na muhtasari wa kikao ambacho mtu alisimama akasema hapana.