Brashi, Kipanya na Mahindi ya Njano

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kibanda kimoja cha mabati huko Moiben, kaunti ya Uasin Gishu, mgeni alikuwa tarakilishi kuukuu, naye mwenyeji alikuwa binti aliyejua zana moja tu tangu utotoni: brashi ya mjomba wake.

Mjomba huyo alikuwa mwandishi wa mabango. Maduka, hoteli za chai na vinu vya kusaga mahindi vilipata majina kwa mkono wake. Alimfundisha mpwawe kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kuipima herufi kwa jicho na kuiachia nafasi. "Herufi nayo hupumua, mwanangu," alizoea kumwambia. "Usiibane."

Mabango ya plastiki yaliyochapishwa Eldoret yalipoanza kumiminika, wateja walipungua na rangi ikaganda makoponi. Hapo binti akang'amua kwamba riziki imehama, na hana budi kuifuata. Alianza na Inkscape, programu isiyolipiwa iliyozinduliwa mwaka 2003. Humo mchoro hujengwa kwa nukta na mikunjo, hivyo huweza kukuzwa kutoka ukubwa wa kadi hadi ukuta mzima bila kingo zake kuchakaa. Kipanya kilimtoka mkononi kama samaki. Usiku alirudia herufi moja mara hamsini. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Makosa nayo yakawa walimu. Kijani kilichong'aa kwenye skrini kilitoka mashineni kimefifia, ndipo akajua kwamba skrini huchanganya nuru nyekundu, kijani na samawati, ilhali mchapishaji huchanganya wino wa sayani, majenta, njano na mweusi. Jioni alimweleza mjomba kuwa programu hupanga mchoro katika matabaka, moja juu ya jingine. Mzee akacheka. "Kwani mimi nilikuwa nikifanya nini? Kwanza rangi ya chini, kisha kivuli, kisha herufi."

Baadaye akaijua Canva, iliyozinduliwa mwaka 2013 huko Australia, yenye violezo tele. Bango lililomchukua siku mbili sasa lilikamilika kwa nusu saa. Kadi za harusi, programu za mazishi na matangazo ya michango vikatoka mfululizo. Mjomba alivitazama, akasema neno moja tu: "Vyafanana." Binti alichukia kimoyomoyo, akalidhani neno hilo kuwa wivu wa aliyepitwa na wakati.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, mwenye duka la pembejeo aliagiza bango la mbegu. Binti alichagua picha maridadi ya mahindi iliyokuwa tayari kwenye programu, akalipia uchapishaji kwa pesa za kodi ya kibanda akitumaini kufidiwa. Bango lilitundikwa asubuhi. Kabla ya adhuhuri mkulima mmoja mkongwe alisimama mbele yake, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, haya ni mahindi ya njano. Ndiyo tuliyoletewa wakati wa njaa ya 1984. Unatuuzia mbegu au unatukumbusha dhiki?"

Waliokuwapo waliangua kicheko. Hakika, wakulima wa Moiben hupanda mahindi meupe. Yale ya njano, yaliyoagizwa kutoka ng'ambo baada ya ukame wa mwaka huo, yalibaki katika kumbukumbu za wazee kama chakula cha msaada. Mwenye duka aliliteremsha bango na kukataa kulipa salio.

Binti alirejea nyumbani kichwa chini. Mjomba hakumsuta. Alimpeleka ghalani, akachagua gunzi moja jeupe lililohifadhiwa, akalimenya nusu na kuliweka penye mwanga wa dirisha. Binti alilipiga picha kwa simu, kisha akalichora punje kwa punje katika Inkscape. Kwa mkono uliokwisha kuanza kutetemeka, mzee aliandika neno MBEGU kwenye karatasi. Binti akalifuatisha kwa nukta na mikunjo, asiusahihishe ule mtetemo mdogo katika herufi G.

Bango la pili lilitundikwa bila malipo. Salio la lile la kwanza halikulipwa kamwe, na kodi ya mwezi huo ilikopwa. Hata hivyo, kabla ya mvua kunyesha, wateja wawili walifika kibandani wakitaka "maandishi kama yale ya duka la mbegu."

Waama, zana mpya humwongezea fundi kasi na upeo, lakini haimjulishi ni nani atakayesimama mbele ya kazi yake wala anakumbuka nini. Hayo hujifunza kwa watu wake. Binti angali anatumia violezo kazi inapomzidi. Hata hivyo, kila bango humwonyesha mjomba kwanza, naye mzee, kabla ya kusema lolote, hutazama kama herufi zinapumua.