Njia Moja, Wapitaji Wengi

Mtihani wa Serikali, ambao nchi yetu imekuwa nao tangu mwaka 1967, huandikwa kwa Kifaransa, na maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Hapa Baraka, tunapowazoeza wanafunzi wa mwaka wa mwisho kupima hoja, twaanza kwa Kiswahili, na pengine kwa Kibembe, Kifaransa hufuata.

Jioni moja tuliandika ubaoni: «Kila mvuvi hunuka samaki. Mtu huyu ananuka samaki. Basi ni mvuvi.» Darasa lote likakubali. Nasi, twaungama, tulikuwa tumeinua chaki kuandika «sahihi», maana mfano tuliutunga kwa haraka. Binti mmoja akauliza: «Na mama yangu anayeuza ndagala sokoni, je?» Tukafuta. Kauli ya kwanza yawahusu wavuvi wote. Haisemi kwamba wavuvi peke yao ndio wanukao samaki.

Juma lile lile, kwenye barabara iendayo Fizi, kijana mgeni alizingirwa. Ng'ombe walikuwa wameibwa. Wezi walipita njia ile. Naye alipita njia ile. Baadhi ya wanafunzi wetu walikuwamo, mawe mkononi. Mmoja wao akasema kwa sauti: «Hata sisi tumepita njia hii.» Mawe yakateremshwa, si yote. Tulimsindikiza mgeni yule hadi nje ya kijiji, magoti yakitutetemeka.

Kesho yake tulirudia zoezi lile. Wawili bado walikosa.