Shosho alikuwa mama wa wote, na hiyo iliniuma

Ukimwambia mtu wa Meru unatoka Makutano, swali la kwanza ni klabu gani unaenda wikendi. Na si uongo, huku usiku hakulalwi. Lakini mimi nikisikia Makutano naona shosho yangu saa kumi na mbili asubuhi, baridi kali, leso kichwani, kiondo mkononi, anaenda kwa mtu. Kila siku kulikuwa na mtu. Kama si mgonjwa ni mama aliyejifungua, kama si matanga ni yule mzee asiye na watoto.

Tulimzika mwaka jana akiwa karibu miaka tisini. Karibu, kwa sababu mwaka ulio kwenye kitambulisho ulikuwa wa kukadiria. Aliona ukoloni, halafu akaona marais wote watano, kutoka Kenyatta mpaka Ruto. Siku ya mazishi kila aliyeshika maikrofoni alisema, "Alikuwa mama wa wote." Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza.

Wacha niseme ukweli. Nikiwa kidato cha pili nilitumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Sikuwa na wasiwasi, nilijua zamu ya shosho kwenye chama imefika. Kufika nyumbani, kumbe pesa yote ameshatoa. Jirani alikuwa amejifungua, bili ikamshinda, hospitali ikakataa kumruhusu atoke. Nilikaa nyumbani wiki mbili. Nikamuuliza, "Shosho, kwani sisi si watu?"

Hakujitetea. Alisema tu, "Wewe umekaa kwenu. Yeye alikuwa amefungiwa."

Kwa miezi mingi nilimsalimia kwa shingo upande.

Miaka ikapita, nikapata simu nzuri, nikaanza kutafuta hadithi za kuposti. Siku moja nikamkalisha nje na kikombe cha chai, nikamuuliza hii tabia ya kusaidia watu aliitoa wapi. Nilidhani ataniambia kanisani. Akaanza na mitaro.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, yeye akiwa msichana mdogo. Serikali ya Mwingereza ilihamisha watu mashambani kwao, ikawarundika kwenye vijiji vyenye ulinzi ili wasiwapelekee Mau Mau chakula. Wanawake na wasichana wakachimba mitaro kwa lazima, bila malipo. Ukichelewa, kiboko. Na wakubwa waliiita kazi ya jamii. Shosho alicheka hapo, lakini si kicheko cha kufurahi.

Halafu uhuru ukaja, 1963, na wito wa harambee. Watu wakaanza kujijengea shule. Yeye na wenzake walibeba mawe kutoka mtoni, mtoto mgongoni. Akaniambia, "Mgongo ni ule ule, uzito ni ule ule. Lakini sasa hakukuwa na askari. Ningeweza kukataa."

Nilirekodi dakika kumi na moja tu, simu ikazima. Nikasema nitarudi kumalizia. Sikurudi.

Ndiyo maana siku hizi sipendi kusikia "alikuwa na roho nzuri, alizaliwa hivyo." Tunaongea kama vile wema ni kimo, eti wengine wamezaliwa warefu na sisi wafupi, basi. Shosho alikuwa anachoka kama mtu yeyote. Magoti yalimuuma. Kuna asubuhi nilimsikia akilalamika peke yake akitafuta viatu, halafu akatoka. Alikuwa anaamua, kila siku, na uamuzi wake ulimgharimu yeye, na wakati mwingine ukatugharimu sisi. Zile wiki mbili bado naona hazikuwa haki. Lakini pia yule mtoto aliyetoka hospitali nampita hapa mtaani akienda shule, na siwezi kusema ningetaka iwe vingine.

Aliacha daftari la chama. Mwanzoni pesa ilifungwa kwenye fundo la leso, baadaye ikahamia M-Pesa na mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake wa meseji. Ndani kuna majina ya waliokopa kwake. Mengi yamepigwa mstari, na si wote walilipa. Mjomba alitaka tufuatilie hayo madeni. Shangazi akachukua daftari, akalifungia kabatini, mjadala ukaisha.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa yule mzee asiye na watoto. Nilibeba sukari na majani chai. Sikujua cha kusema, tukaongea mvua na bei ya viazi. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kulala. Nilipoaga akaniuliza, "Utakuja lini tena?"

Shosho yako kama bado yuko, muulize huwa anaenda kwa nani asubuhi. Na uhakikishe simu ina chaji.