Safari ya Makambako hadi Njombe

Ndugu msomaji, mwezi huu sitaandika habari za mbolea wala za viazi. Nitakueleza safari fupi. Ni safari ya kilometa kama 60 tu, kutoka Makambako hadi Njombe. Lakini ilinifundisha jambo ambalo sikulipata katika chuo cha kilimo.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita hapo kwenda Mbeya na Zambia. Barabara nyingine inaanzia hapo kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Upepo wa Makambako ni mkali. Ukisimama stendi asubuhi bila koti, utajuta.

Asubuhi hiyo ya Januari tulikuwa watu wanne stendi. Mimi, mama mmoja wa kijiji ninachohudumia, mwanawe wa kiume mwenye miaka 9, na binti wa jirani yao. Mtoto alikuwa na sanduku la bati na godoro. Mtoto huyo hasikii. Alipokuwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio yake hayakupona.

Binti wa jirani ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuwa nyumbani kwa likizo fupi ya mwaka mpya. Anasomea elimu maalumu, yaani ualimu wa watoto wenye ulemavu.

Kosa langu

Kabla sijaendelea, nikiri kosa langu. Miaka mitatu kabla ya safari hii, baba wa mtoto aliniuliza, "Bwana shamba, wewe umesoma. Huyu tumpeleke wapi?" Nilimjibu haraka, kama mtu anayejua. Nilisema, "Mpe jembe. Shule haitamfaa." Baba aliniamini. Mtoto akabaki nyumbani, akachunga mbuzi.

Kisha msimu mmoja tulipanda shamba darasa la mahindi. Nilieleza kwa sauti kubwa: mstari na mstari sentimeta 75, shimo na shimo sentimeta 30, mbegu moja kila shimo. Nilionyesha kwa kamba na kijiti. Wakulima waliitikia, "Tumeelewa." Walipoanza kupanda, wengi walikosea. Wengine walitia mbegu tatu shimo moja. Mtoto yule alikuwa pembeni na mbuzi wake. Alikuja, akachukua kijiti, akapanda mstari mzima bila kosa. Hakusikia hata neno langu moja. Alikuwa ameangalia mikono yangu.

Binti wa jirani alikuwepo. Aliniambia kwa heshima, "Shikamoo bwana shamba. Mtoto huyu ana akili nzuri. Anajifunza kwa macho. Hajapata mwalimu tu." Niliona aibu. Nilikwenda mimi mwenyewe kwa baba yake, nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikupa ushauri mbaya." Tukaanza upya. Mtoto alipelekwa hospitali akapimwa masikio. Afisa elimu akatusaidia kuomba nafasi katika shule ya viziwi Njombe. Nafasi ikapatikana.

Ndani ya basi

Basi liliondoka Makambako saa mbili. Tulipita Mtwango. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na watu walikuwa wakipalilia. Kadiri unavyopanda kwenda Njombe, baridi inaongezeka. Unaona viazi kwenye miteremko, mianzi ya ulanzi mabondeni, na misitu ya miwati ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi.

Nilimwuliza binti, "Mwanangu, kwa nini ulichagua masomo hayo?" Alicheka. Alisema wajomba zake nao walimwuliza hivyo. Walitaka awe nesi au afanye kazi benki. Wengine walimcheka, wakisema anakwenda chuo kikuu kujifunza ububu.

"Nilisoma shule ya msingi na mwenzangu asiyeona," alisema. "Mwalimu aliandika ubaoni, yeye akakaa tu. Darasa la tatu akaacha shule. Sikumsahau."

Akanieleza wanachojifunza kwa miaka mitatu. Wanajifunza lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili ya mikono na uso. Wanajifunza nukta nundu, maandishi ya wasioona. Maandishi hayo yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille mwaka 1824. Kila herufi hutokana na nukta sita zinazoguswa kwa vidole. Wanajifunza pia kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili. Kazi kama kuvaa shati hugawanywa hatua ndogo ndogo, na kila hatua hufundishwa mpaka ishike. Tena wanajifunza kumpima mtoto, ili ijulikane anaweza nini kabla ya kusema hawezi nini.

Ndugu msomaji, hapo nilijiona. Mimi sipandi mbegu kabla ya kuangalia udongo. Lakini mtoto wa mwenzangu nilimhukumu bila kumpima.

Elimu hii si mpya nchini kwetu. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianza mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kimefundisha walimu wengi wa elimu maalumu. Mwaka 2007 chuo kikuu kilichoanzishwa na Kanisa la Kilutheri huko Magamba, Lushoto, kilianza kufundisha shahada ya elimu hii. Kwa hiyo mwalimu wa watoto hawa ni mtaalamu kama mtaalamu mwingine yeyote.

Tumefika Njombe

Njombe ni mji wa baridi. Kando yake Mto Ruhuji unaanguka kwenye mwamba kwa kishindo. Tulisimama kidogo kuyatazama maporomoko hayo. Mtoto alitazama sana. Kisha akaweka kiganja chake juu ya jiwe. Binti akasema, "Anausikia mtetemo." Mama yake aliweka kiganja chake karibu na cha mwanawe. Hakusema kitu.

Shuleni tulikuta watoto wengi uwanjani. Walikuwa wakibishana, wakitaniana na kucheka, yote kwa mikono. Mtoto wetu alisimama kimya. Nadhani hakuwahi kujua kwamba wapo watoto wengine kama yeye. Mvulana mmoja alimjia, akamshika mkono, akamwonyesha bweni. Waliondoka wawili bila kugeuka nyuma.

Mama alilia. Halafu akamwuliza binti, "Mwanangu, akirudi likizo atakuwa na lugha. Mimi nitazungumza naye kwa lugha gani?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Katika basi la kurudi, binti alianza kumfundisha. Alimfundisha alama za maji, ugali, njoo, asante. Mama alirudia mpaka tukafika Makambako. Na mimi nilirudia.

Mwezi Juni

Mwezi Juni mtoto alirudi. Alichukua kijiti akaandika jina lake chini, kwenye vumbi la uwanja wa nyumba. Baba yake alilitazama muda mrefu, kisha akawazuia kuku wasilipite. Mama aliuliza kwa mikono kama ana njaa. Mtoto akajibu kwa mikono. Nami nilijaribu kumsalimu. Nilikosea, akacheka, akanishika vidole akanirekebisha.

Ndugu wasomaji, nina mambo manne ya kuwaomba.

Kwanza, msimfiche mtoto mwenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma.

Pili, mtoto akipata homa kali na shingo ngumu, au usaha masikioni, mpelekeni hospitali mapema. Mpeni chanjo zote, pamoja na ya surua. Magonjwa haya huharibu masikio.

Tatu, muoneni mwalimu mkuu au afisa elimu wa kata. Yeye atawaonyesha njia ya kufika shule inayofaa.

Nne, kijana wenu akisema anataka kusomea elimu maalumu, msimcheke. Mlipieni nauli.

Na sisi mabwana shamba na mabibi shamba tujifunze pia. Tukiulizwa jambo tusilolijua, tusijibu haraka. Jibu langu la haraka lilimgharimu mtoto miaka mitatu.