Homa Imekwisha, Mgongo Haujapona

Jina la chikungunya limetoka katika lugha ya Kimakonde, nalo laeleza hali ya mtu aliyepinda na kujikunja kwa maumivu. Ugonjwa huo ulitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Sisi wa pwani ya Kenya ulitufikia Lamu mwaka 2004, kisha Mombasa, ukarejea Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018.

Mara hiyo ya pili mama yetu naye aliugua. Homa ilimwacha baada ya siku chache, lakini misuli ya mgongo ilibaki imekazana kama kamba iliyolowa maji. Baada ya Idi tulimleta huku Machakos, tulikoolewa sisi binti zake wawili. Baridi ya Julai chini ya vilima vya Iveti haimwonei huruma mtu wa Mombasa. Akawa hatoki kitandani. Kilichomuuma zaidi ya mgongo ni kuswali ameketi kitini. Tulimkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa. Alikubali, ila machozi yalimlenga.

Daktari alimpima, akahakikisha hapana jambo kubwa zaidi, kisha akatueleza kuwa misuli isiyotumika hudhoofika na kukakamaa. Maumivu humfanya mtu ajikaze, na kule kujikaza huyazidisha maumivu.

Basi tukatandika mkeka. Kwanza tulimwekea mgongoni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa leso, kwa robo saa. Kisha alilala chali, magoti yamekunjwa na nyayo ziko chini, akayalaza magoti taratibu upande huu na upande huu. Halafu akavuta goti moja kifuani, akahesabu hadi kumi, na la pili vivyo hivyo. Mara tano tu. “Wanangu, mwataka kunivunja?” aliuliza siku ya kwanza. Baada ya majuma kadhaa aliweza kupiga magoti na viganja chini, akauinua mgongo kama paka na kuushusha.

Lililosaidia kuliko tulivyotarajia ni pumzi. Aliweka mkono tumboni, akavuta pumzi kwa pua hadi mkono uinuke, akaitoa polepole kuliko alivyoivuta, huku akilegeza mabega na taya. Mara nyingi alisinzia papo hapo. Kukandwa kwa mafuta ya nazi kulimliwaza, wala hatukumnyima, lakini mkono wa mwingine hauipi misuli nguvu.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi huvumilika. Yakizidi hadi kesho yake, zoezi lipunguzwe. Siku ya nafuu ndiyo yenye hatari, maana hapo ndipo mama zetu huinuka kufua mablanketi!

Ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia haja, homa kurejea, kukonda, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku: hayo ni ya hospitali, si ya mkeka. Na homa ikiwa bado mbichi, aspirini na ibuprofeni zisinunuliwe ovyo, kwa sababu pwani ina dengi pia, na dawa hizo zaweza kuzidisha kutokwa na damu. Parasetamoli kwa kipimo chake yafaa zaidi.

Mwezi wa Septemba mama alirukuu. Sijda ilichelewa hadi Novemba, na asubuhi za baridi kali bado hukiomba kiti chake.