Wodi Tulivu: Tawasifu ya Muuguzi wa Afya ya Akili

Uuguzi wa afya ya akili ni tawi la uuguzi linalowahudumia watu wenye maradhi kama skizofrenia, ambayo humfanya mgonjwa asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo, na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu hadi ikamwondolea mtu hamu ya kula, kulala na hata kuishi. Mwandishi wa tawasifu hii alijifunza kazi hiyo mjini Dodoma katika miaka ya 1980, kwenye hospitali ya Mirembe, ambayo serikali ya kikoloni ya Uingereza iliifungua mwaka 1927. Kabla ya hapo, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wagonjwa wa aina hii walikuwa wakipelekwa Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali ambapo wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamejenga kwanza makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kwa hiyo malezi na kazi za shamba zilitangulia dawa kwa miongo kadhaa, kwani klopromazini, dawa ya kwanza yenye nguvu ya kutuliza dalili za kurukwa na akili, ilianza kutumika duniani katika miaka ya 1950.

Baada ya mafunzo, sehemu kubwa ya utumishi wa mwandishi ilipita katika wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali moja ya mkoa, ambayo haitatajwa hapa kwa jina. Katika wodi hiyo, daftari la makabidhiano ya zamu lilijazwa kila asubuhi kwa maneno yaleyale, kwamba wagonjwa wote walilala vizuri na wodi ilikuwa tulivu, na wakaguzi waliofika waliridhishwa na utulivu huo kuliko kitu kingine chochote. Mwandishi anaamini kwamba kipimo hicho ndicho kilichodhuru huduma kuliko uhaba wa vitanda, ambao angalau kila mtu aliuona na kuulalamikia. Wodi inaweza kuwa tulivu kwa sababu wagonjwa wanapata nafuu, lakini inaweza pia kuwa tulivu kwa sababu wamelewa dawa, na anayepita koridoni kwa robo saa hawezi kutofautisha hali hizo mbili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa chakula. Klopromazini huongeza njaa kwa wagonjwa wengi, ilhali mgawo wa ugali na maharage ulikuwa uleule kwa kila sahani, hata mgonjwa aliyeongezewa dozi alianza kunyang'anya chakula cha mwenzake. Tendo hilo likaandikwa kuwa ni fujo, na fujo ikajibiwa kwa kuongeza dozi tena. Dawa hiyohiyo huifanya ngozi iungue upesi juani na hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, lakini wagonjwa walipelekwa bustanini kulima saa za adhuhuri, kwa jina la tiba kazi, yaani matumizi ya shughuli za mikono katika kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujitegemea. Tiba kazi yenyewe ni nzuri, na ilitosha kuihamishia asubuhi, jambo ambalo hatimaye lilifanyika baada ya mabishano marefu kuhusu ratiba ya chai ya watumishi.

Haloperidoli, dawa nyingine ya kutuliza dalili za kurukwa na akili, ilikuwa na mkasa wake. Siku chache baada ya kuanza kuitumia, baadhi ya wagonjwa, hasa vijana wa kiume, hukakamaa misuli, shingo ikapinda na macho yakageuka juu, na hali hiyo hutulizwa kwa dawa nyingine iitwayo benzheksoli. Kwa kuwa benzheksoli ilihesabiwa kuwa dawa ya nyongeza, iliisha mapema kuliko ile inayosababisha tatizo, na ndugu waliofika kumwona kijana wao akiwa amepinda shingo waliamini kwamba majini yamemzidi, wakaomba ruhusa ya kumpeleka kwa mganga. Si haki kuwalaumu, maana aghalabu hakuna mtu wodini aliyekuwa ameketi nao kuwaeleza walichokuwa wakikiona.

Kuhusu kumfunga mgonjwa kamba au kumtenga chumbani, inatosha kusema kwamba mambo hayo yalifanyika zaidi usiku, zamu ilipokuwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, na kwamba yalipungua kila alipoongezwa mtumishi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilikuja baadaye, lakini sheria haishiki zamu ya usiku.

Suala zito zaidi lilikuwa la kurudi nyumbani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa waliopata nafuu, na katika miaka ya 1980 mpango wa taifa ulianza kupeleka huduma za afya ya akili kwenye zahanati, kwa majaribio ya Morogoro na Kilimanjaro, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Fikra hiyo ilikuwa sahihi. Mgonjwa aliyeruhusiwa alipewa sindano ya mwezi, yaani flufenazini inayoyeyuka polepole mwilini kwa wiki kadhaa, akaelekezwa kuendelea nayo zahanati. Wengi walirejea wodini baada ya miezi michache wakiwa wamezidiwa, na mafaili yao yakaandikwa kwamba wamekataa dawa. Mwandishi alizoea kuuliza kabla ya kuandika, akakuta mara nyingi kwamba mgonjwa alifika zahanati siku aliyopangiwa, akaambiwa sindano haijaletwa, akakosa nauli ya kurudi wiki iliyofuata. Na maelezo hayo, pamoja na umbali na kiasi cha nauli, ndiyo aliyoyaandika kwenye faili.